Gololi ya Milimita Sita: Uchambuzi wa Kisa cha Sanamu Zilizoshindwa Kusimama

Kisa hiki kilinikuta nikiwa mkaguzi wa ubora wa kujitegemea katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Nimeondoa jina la studio, la kiwanda na la mhusika aliyechongwa, na mavazi yake nimeyabadilisha kidogo ili asitambulike. Vipimo na mfuatano wa mambo nimeviacha kama vilivyokuwa, maana humo ndimo kilipo kisa chenyewe.

## Usuli

Sanamu za viungo ninazozisema hapa, yaani sanamu ndogo za plastiki zenye maungio yanayokunjika, hazitengenezewi watoto. Ni za wakusanyaji, watu wazima wanaoweka oda miezi kadhaa kabla, wanaozipanga kabatini na kuzipiga picha. Hii yetu ilikuwa ya urefu wa sentimita 15: mpiganaji mwenye joho, upanga mrefu na viungo zaidi ya 30, kuanzia shingo hadi vidole vya miguu. Anayenunua kitu cha namna hii analipia mkao. Anataka ainyanyue mkono, aikunje goti, aiweke kabatini, na kesho yake aikute vilevile.

Kiungo ndicho roho ya kazi hii, na ndicho kinachozeeka kwanza. Wakongwe wa ukusanyaji wanalijua hili vizuri. Kampuni ya Marekani ya Hasbro ilipoirudisha sanamu yake ya mwanajeshi, G.I. Joe, mwaka 1982 kwa umbo dogo la inchi 3¾, kiwiliwili na miguu vilishikwa pamoja na pete ya mpira iliyofichwa ndani ya tumbo. Ubunifu mzuri sana, kwani ulikipa kiuno uhuru wa kugeuka kwa gharama ndogo. Ila mpira hukauka. Leo mtu anafungua boksi la zamani na kukuta mwanajeshi wake amekatika vipande viwili, rangi zote zingali safi usoni.

Sanamu za siku hizi hutegemea zaidi gololi na kikombe: kichwa cha mviringo upande mmoja, tundu linalokikumbatia upande wa pili. Plastiki zinazotumika kwa kawaida ni tatu. PVC laini hutumika kwa nguo, ngozi na nywele, kwa kuwa inashika michoro midogo na haivunjiki ovyo. ABS ni ngumu na inashika rangi, hivyo inafaa mavazi ya kivita na sehemu zinazotakiwa kunyooka. POM ni ngumu, inateleza yenyewe bila mafuta, na inastahimili kukunjwa mara nyingi. Ndiyo maana hupelekwa kwenye pini za viungo. Ubaya wake ni kwamba rangi haiishiki. Pini ya POM lazima ichanganywe na rangi tangu ikiwa punje, na mara nyingi rangi hiyo haifanani kabisa na sehemu zilizopuliziwa.

Studio ilikuwa ya watu wanne, Ulaya. Oda ilikuwa sanamu 3,000, karibu zote zimeshalipiwa na wakusanyaji. Kiwanda kilikuwa cha ukubwa wa kati, chenye mafundi wazuri wa rangi. Nilikuwa nimewahi kukikagua mara mbili na sikuwa na malalamiko nacho. Tarehe ya kontena ilipangwa kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, wakati wafanyakazi wanaporudi kwao na viwanda kufungwa kwa majuma kadhaa. Yeyote aliyefanya kazi kule anajua maana ya tarehe hiyo: ukiikosa, hukuchelewa siku tatu, umechelewa mwezi na zaidi.

## Yaliyotokea

Vipande vya kwanza vilipotoka kwenye kalibu, yaani umbo la chuma linalomiminiwa plastiki, pini ya nyonga ilikuwa ya ABS: gololi ya milimita 6 juu ya shingo nyembamba ya milimita 2.2. Studio ilipokea seti kumi, ikaziunga na kuzikunja. Tatu zikavunjika shingoni. Nyonga inayovunjika mkononi mwa mteja ni kasoro isiyosameheka, kwa hiyo mbunifu akaandika barua pepe fupi: badilisheni pini ya nyonga iwe POM. Kiwanda kikajibu kwa neno moja la kukubali.

Juma la pili yake ikaja sampuli mpya. Ilisimama imara, mguu mbele, upanga juu, kama ilivyochorwa. Studio ikaisaini. Kuanzia hapo hiyo ndiyo ilikuwa sampuli rasmi, ile inayofungwa kwenye mfuko na kuwekwa saini ili kila sanamu nyingine ilinganishwe nayo. Uzalishaji ukaanza.

Niliitwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Nilitumia utaratibu wa kawaida wa ISO 2859-1, kanuni ya kimataifa ya kukagua mzigo kwa sampuli: kwa mzigo wa vipande 3,000 unachukua sampuli 125 bila kuchagua. Kasoro ya hatari hairuhusiwi hata moja. Kasoro kubwa, kwa kiwango cha kasoro kinachokubalika cha 2.5, unakubali hadi 7; ya nane inakataa mzigo. Kasoro ndogo, kwa kiwango cha 4.0, unakubali hadi 10. Studio ilikuwa imenipa orodha ya kurasa nne, na karibu kurasa tatu zilihusu rangi: macho yasiende kando, mpaka wa nywele na paji la uso uwe safi, rangi ya joho isitoboke, isionekane alama ya kidole chini ya vanishi. Siwalaumu. Macho ya sanamu hupigwa kwa muhuri wa silikoni, na muhuri ukisogea chini ya nusu milimita uso wote unageuka kengeza. Mkusanyaji huanza kwa uso.

Kuhusu viungo kulikuwa na mstari mmoja: «viungo vyote vinageuka». Niligeuza viungo vya sanamu zote 125. Viligeuka. Nilikuta kasoro kubwa tano, zikiwamo sanamu moja yenye mikono miwili ya kushoto na mbili zenye jicho lililohama. Tano ni chini ya saba. Nikaandika kwamba mzigo umepita.

Jioni ile nilibeba sanamu moja kwenda nayo nyumbani ili niipige picha za ripoti kwenye mwanga mzuri. Niliiweka mezani kwa mkao wa kwenye boksi, mguu wa kulia mbele, upanga juu, nikapiga picha nikalala. Alfajiri nikaikuta imeanguka kifudifudi. Hakukuwa na upepo wala paka. Nikaisimamisha tena, nikavuta kiti, nikaitazama. Kwa dakika kumi hivi haikutikisika. Kisha nyonga ya mguu wa nyuma ikaanza kufunguka polepole sana, mguu ukateleza nje kama wa mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, na kiwiliwili kikaufuata.

Asubuhi nilikuwa kiwandani kabla ya kengele. Nikachukua sanamu 20 kutoka makatoni tofauti, nikazipanga juu ya kioo kwa mkao uleule na kuziacha nusu saa. Zilianguka tisa. Sampuli rasmi niliyoisimamisha pembeni yao haikujongea.

Hapo ndipo nilipoomba ruhusa ya kuifungua sampuli rasmi. Niliipasha nyonga kwa maji ya moto hadi kikombe cha PVC kikalainika, nikaichomoa gololi. Chini ya taa ilikuwa inang'aa kuliko gololi za kawaida. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, na utando mwembamba ukabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Fundi wa chumba cha sampuli, mama mmoja mwenye miaka mingi kazini ambaye sote tulimwita Shifu, kama ilivyo desturi ya kule kumwita fundi bingwa, alikuwa amesimama karibu yangu. Hakuficha. «Gololi zilipokuja zilikuwa zinacheza,» aliniambia. «Nilizipaka gundi ya maji mara mbili nikaacha zikauke. Wageni walitaka sampuli Ijumaa.» Alikuwa amefanya kile ambacho kila mkusanyaji mwenye kiungo kilicholegea hukifanya nyumbani kwake: anakipaka gundi kali au vanishi kiongezeke unene. Hakuna aliyemwambia kwamba sampuli ile itakuwa kipimo cha sanamu 3,000 ambazo hazitapakwa kitu.

## Chanzo

Vernia, kifaa cha kupimia vipenyo, ilimaliza ubishi. Gololi ya mzigo ilikuwa na kipenyo cha milimita 5.91 kwa wastani. Mchoro ulitaka 6.00.

Plastiki ikipoa ndani ya kalibu husinyaa, na kila plastiki ina kiasi chake. ABS husinyaa kama nusu ya asilimia. POM husinyaa karibu asilimia mbili. Kalibu ya pini ile ilichongwa kwa hesabu ya ABS, nafasi ya milimita 6.03 ili baada ya kusinyaa ibaki 6.00. Ukimimina POM kwenye nafasi ileile unapata 6.03 mara 0.98, yaani 5.91. Upungufu wa milimita 0.09 ni kama unene wa karatasi moja. Ongeza kwamba POM inateleza na kikombe chake ni PVC laini, na nyonga inayobeba mwili, joho na upanga haina tena cha kuishikilia. Inaganda kwa dakika chache, halafu inaanza kuteleza.

Barua pepe ya mbunifu ilizungumzia plastiki tu, haikuzungumzia kalibu. Aliyeipokea alikuwa mtu wa mauzo, akaipeleka stoo ya malighafi. Fundi wa kalibu, ambaye angejua mara moja, hakuiona.

## Maamuzi na sababu zake

Nilifuta ripoti yangu ya jana yake na kuwapigia simu studio. Mazungumzo yale yalikuwa mazito. Mwenye kiwanda alisema, na alisema kweli, kwamba sanamu zimepita orodha ambayo studio yenyewe iliiandika. Mwenye studio alisema, naye alisema kweli, kwamba alisaini sanamu inayosimama. Tulikaa na njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kusafirisha hivyohivyo na kutia kibao cha kusimamishia, kile chenye mkono unaoshika kiuno. Ni rahisi na ni haraka. Niliipinga. Kibao kinaficha nyonga siku ya kwanza, lakini mteja akiitoa sanamu kwenye kibao ataujua ukweli, na hataamini oda ya pili.

Ya pili ilikuwa kufanya kwa sanamu 3,000 alichofanya Shifu kwa moja: kupaka gololi zote gundi. Tuliijaribu kwa sanamu kumi. Baada ya kukunjwa mara 50, utando ulikuwa umebanduka kwenye sita. Rangi haishiki kwenye POM, na gundi nayo haishiki vya kudumu. Njia hiyo tukaiacha palepale.

Ya tatu ilikuwa kurekebisha kalibu. Hapa kulikuwa na bahati ambayo inafaa ielezwe vizuri. Kalibu ni kinyume cha kitu: nafasi tupu ndani ya chuma ndiyo gololi. Ukitaka gololi kubwa zaidi unachimba chuma kidogo, na hiyo ni kazi ya siku chache kwa mashine ya cheche za umeme. Ukitaka gololi ndogo zaidi, lazima uchomelee chuma na kuchonga upya, au utengeneze kipande kipya. Chuma kutoka ni rahisi, kurudi ni taabu. Kwa sababu hiyo mafundi wazuri huanza na kiungo kilicholegea kwa makusudi, kisha hukikaza kidogo kidogo kwa kuchimba. Kosa letu lilikuwa limeangukia upande unaotibika. Tulihitaji nafasi ya 6.12 mahali pa 6.03.

Tuliamua njia ya tatu, kwa nyonga peke yake. Gharama ya kalibu na pini mpya ilibebwa na kiwanda. Kazi ya kuchomoa na kuingiza, pamoja na kuchelewa, ikabebwa na studio. Kontena likaachwa liondoke bila mzigo wetu.

Uamuzi mdogo uliozaa matunda kuliko tulivyotegemea ulikuwa wa kipimo. Sikutaka tena neno «imara» kwenye orodha. Tukatengeneza kifaa cha mbao: sanamu inafungwa kiunoni, mguu unanyooshwa mbele ukiwa sambamba na meza, na kikombe kidogo cha karatasi kinaning'inizwa kwenye kifundo. Unaongeza vipande vya risasi hadi mguu uanze kushuka. Chini ya gramu 40, kiungo kimelegea. Juu ya 150, kimekaza kiasi cha kuhatarisha shingo ya pini. Kisha unaukunja mguu mara 50 na kupima tena, kwa kuwa kiungo kipya hudanganya. Chembe za plastiki na rangi iliyomwagikia ndani hukifanya kionekane kimekaza, halafu zikisagika kinalegea.

## Matokeo

Pini mpya zilitoka na kipenyo cha 6.00 hadi 6.01. Kuzibadilisha ndiko kulikotuumiza. Kila sanamu ilitumbukizwa nyonga kwenye maji ya moto, mguu ukachomolewa, pini ikatolewa, nyingine ikaingizwa. Mara 6,000. Wafanyakazi walikuwa wepesi na waangalifu, ila PVC ya suruali ilikuwa ya rangi nyeusi, na PVC nyeusi ikivutwa kabla haijalainika sawasawa huacha alama nyeupe za mkazo. Zaidi ya sanamu mia moja ziliharibika hivyo na kutupwa. Nyingine vikombe vyake vilipanuka kidogo, zikashika gramu 45 au 50 mahali pa 80.

Nusu ya kazi ilifanyika kabla ya sikukuu, nusu baada yake. Mzigo ulifika miezi miwili nyuma ya tarehe. Studio iliwaandikia wateja ukweli mtupu, pamoja na picha ya gololi mbili kando ya vernia, na waliofuta oda walikuwa wachache kuliko nilivyohofia. Malalamiko yaliyokuja baadaye hayakuhusu nyonga. Yalihusu upanga: ulikuwa wa PVC nyembamba, ulipita nchi za joto ndani ya kontena ukiwa umeegemea kwenye trei, ukafika umepinda. Maji ya moto na maji ya baridi huunyoosha, lakini mteja asingepaswa kuanza kwa kupika upanga wake.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kuiacha sanamu isimame peke yake usiku kucha, na hilo halikuwa kwenye mpango wowote. Fundi wa gari pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hakuulizi kama tairi linazunguka. Analiinua kwa jeki, analishika kwa mikono miwili juu na chini, analitikisa, na anasikiliza. Mimi niligeuza viungo vya sanamu 125 mara nyingi na nikajiridhisha kwamba vinageuka, wakati swali la sanamu ya viungo ni kama kiungo kinabaki pale ulipokiacha. Maswali hayo mawili hupimwa kwa njia tofauti kabisa, na la pili linahitaji muda. Kosa hilo ni langu, na lingeweza kupeleka mzigo wote baharini.

Sampuli rasmi inanipa taabu zaidi. Watu hulaumu udanganyifu haraka, lakini kwa Shifu sikuona udanganyifu. Chumba cha sampuli kazi yake ni kufanya kitu kimoja kiwe kizuri. Ndicho kinacholipwa kufanya hivyo. Kilichokosekana ni sheria kwamba sampuli ya kusaini itoke kwenye mstari wa uzalishaji, iungwe na wafanyakazi wa kawaida, na iwe mojawapo ya angalau kumi zilizochukuliwa bila kuchagua. Laiti tungeomba sampuli kumi, gundi isingewezekana, au ingeonekana.

Suala la kina zaidi ni uamuzi wa kwanza kabisa. Pini ya ABS ilivunjika shingoni, na kila mtu akaelekeza macho kwenye plastiki. Nilipozitazama tena zile tatu zilizovunjika, zote zilikatika mahali pamoja, pale shingo ilipokutana na kitako kwa kona kali. Kona kali hukusanya mkazo wote sehemu moja. Kuilainisha kona ile iwe mviringo ni kuongeza plastiki kidogo, yaani kuchimba chuma kidogo, yaani upande rahisi wa kazi. Inawezekana kabisa ABS ile ile ingestahimili, na ingeshika rangi pia. Mbunifu aliyafanyia kazi malighafi kabla hajalitazama umbo. Leo nikipokea pini iliyovunjika naitazama kwanza kwa lenzi nijue imekatikia wapi, ndipo niulize imetengenezwa kwa plastiki gani.

Kuhusu kiwango cha ISO, sina ugomvi nacho. Sampuli 125 zilitosha kabisa kulikamata tatizo lililokuwa karibu kwenye nusu ya mzigo. Hesabu ya takwimu huchagua ni vipande vingapi uvitazame. Haiwezi kukuchagulia utazame nini.

Hata hivyo, kifaa chetu cha gramu nacho kina upofu wake. Kinapima siku ya leo. PVC laini hubadilika kadiri kemikali zake za kulainishia zinavyotoka taratibu, na kikombe kilichopanuliwa kwa maji ya moto sijui kama kitazeeka sawa na ambacho hakikuguswa. Hakuna kati yetu aliyekuwa na muda wa kulipima hilo kabla ya kusafirisha. Kwa hiyo nilibaki na sanamu sita za mzigo ule. Tatu zimesimama kabatini kwa mkao wa kwenye boksi, tatu zimelala kwenye trei zake, na kila Januari na Julai nazipeleka kwenye kifaa, natundika kikombe cha karatasi, na kuandika gramu kwenye daftari lilelile.